Ukumbi wa Hradek Wakataa Kuzeeka

Jumatatu, 6 Mei

Barua kutoka mji wa Lincoln! Lile shirika la jimbo linalohifadhi majengo ya kale limekubali ombi langu. Ijumaa saa nne asubuhi mkaguzi anakuja kuutazama ukumbi wetu wa dansi hapa Hradek. Kila mwaka wanachagua mahali kumi palipo hatarini kuliko pote Nebraska. Ukichaguliwa, unaletewa mhandisi, unaletewa mafundi, unatolewa gazetini. Na picha! Mimi, Ladislav Vondracek, katibu msaidizi wa kamati ya ukumbi, nimesimama mlangoni, kofia kifuani.

Nimesoma tena nakala ya ombi. Niliandika kwamba paa linaning'inia kwa uzi, sakafu ni mtego wa mauti, na wanyama wa porini wamehamia jukwaani. Kweli yenyewe: paa linavuja mahali pamoja, na panya mmoja alionekana Februari. Lakini mgonjwa asiyelalamika nani atamwitia daktari?

Ukumbi umefungwa huu mwaka wa tatu. Watu wa bima wanaogopa. Georgene, mke wangu, nilimpata pale pale, kwenye dansi ya polka, mwaka 1982. Agosti tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Nimemwahidi tutacheza humo. Alinitazama tu kama anavyotazama wingu la mvua ya mawe.

Jumanne, 7 Mei

Balaa. Jina lake Vlasta. Ni dada yake Georgene, mwenyekiti wa kamati, miaka sabini na mitatu, anapanda ngazi kama paka. Kusikia mgeni anakuja, ameziba paa lote kabla ya chakula cha mchana! Nilimkuta juu na ndoo ya lami. Nikamuuliza anafanya nini.

"Shemeji, mgeni hakaribishwi kwa beseni la kukinga maji."

Nikamwambia mkaguzi anakuja kuona hatari.

"Ataiona. Kwani wewe hutakuwepo?"

Wazee wawili waliokuwa wakimshikia ngazi walicheka mpaka ngazi ikatikisika. Nikaondoka na heshima yangu. Iliyobaki.

Jumatano, 8 Mei

Mpango mpya. Saa moja asubuhi nimeng'oa mbao tatu za ngazi ya mlangoni na vioo viwili vya dirisha. Kazi safi. Ukumbi ulionekana kama kibogoyo. Nikaenda kunywa kahawa, nimetulia.

Nimerudi saa tano. Mbao mpya! Zimepakwa rangi! Vioo vimerudi, na vile vingine vyote vimeoshwa. Vlasta akaniuliza kama nimewaona wahuni wowote hapa karibu. Nikasema vijana wa siku hizi, ah, malezi yameharibika.

"Wahuni wenye adabu hao. Wameng'oa misumari wakaipanga ndani ya kopo."

Akanipa kopo. Langu. Lina jina langu.

Alhamisi, 9 Mei

Njiwa! Jengo lenye njiwa ndani halihitaji maelezo. Jerry Stransky, jirani wa ukumbi, anafuga. Nimeazima kwake kumi na wawili, nikawaachia jukwaani mbele ya lile pazia kubwa walilochora babu zetu: kasri la Praha, mji mkuu wa Ucheki walikotoka, katikati, na pembeni matangazo ya maduka ambayo wenyewe wote wamekufa, muuza barafu na mtengeneza majeneza. Njiwa wakatua juu ya pazia. Mmoja akamnyea mtengeneza majeneza. Uzuri ulioje! Nikawafungulia dirisha moja wapate hewa.

Nimerudisha tenga kwa Stransky. Njiwa walikuwa wameshafika. Kumi na wawili, wanakula mahindi. Nikauliza imekuwaje.

"Laddie, hao ni wa mashindano. Nikiwaachia Kansas wanarudi kwangu, sembuse ng'ambo ya barabara!"

Alidhani najua.

Ijumaa, 10 Mei

Mkaguzi ni Bi Corinne Tasker. Buti, kurunzi, maneno machache. Vlasta kampokea kwa kahawa. Kina mama wa kamati walikuwa jikoni, chumba cha chini ya sakafu, wakioka kolachi, maandazi ya Kicheki yenye jemu ya plamu. Mpiga picha wa gazeti alikuwa huko huko, akizifuata kolachi.

Bi Corinne akatazama paa. Limezibwa vizuri. Ngazi, imara. Madirisha, yanang'aa. Akasema kwa upole kwamba ni nadra kukuta ukumbi uliotunzwa hivi, na kwamba orodha yao ni ya majengo yaliyo taabani. Akaanza kufunga daftari.

Hapo nikamwona Georgene. Uso umemshuka. Kumbe ahadi yangu ya Agosti alikuwa ameiamini! Sijawahi kuumia hivyo.

Nikapaza sauti: sakafu! Sakafu ni mtego wa mauti! Nikaruka. Kimya. Nikaruka tena. Vumbi kidogo.

"Shemeji, acha utoto," akasema Vlasta. "Una miaka sitini na sita."

Nikaruka mara ya tatu, nikazama mpaka kwapani.

Chini, mayowe. Miguu yangu ilikuwa inaning'inia juu ya meza ya kolachi. Kiatu kimoja kikadondokea kwenye sufuria ya jemu. Nasikia waliitoa jemu, kiatu wakakiacha.

Bi Corinne akalala kifudifudi kando yangu, akamulika shimoni. Akaniomba nisitikisike. Boriti kuu imeoza katikati, akasema. Maji yameipenya kwa miaka mingi. Dansi moja tu, watu mia, yote ingekwenda chini. Vlasta akapiga magoti, akatia mkono. Ukatoka na unga wa mti, laini kama makombo ya mkate. Sakafu hiyo ameipiga deki miaka arobaini.

"La kuvunda halina ubani," akasema taratibu. "Laddie, Agosti tungekufa sote."

Laddie. Si shemeji. Kisha yeye na Georgene wakanishika kwapani, wakanivuta nje.

Jumamosi, 18 Mei

Tumo kwenye kumi! Mhandisi anakuja Juni. Wanasema nusu ya sakafu itakuwa tayari kabla ya Agosti.

Picha imetoka, ukurasa wa kwanza. Miguu yangu, inatoka darini, soksi moja imetoboka. Chini yake: "Ukumbi wa Hradek: hatari ipo." Jina langu halipo. La Vlasta lipo mara tatu.

Georgene ameikata, ameibandika kwenye friji. Nikauliza ya nini.

"Miguu hiyo naijua. Ilinikanyaga usiku mzima."

Akasema Agosti atacheza nami, mradi nisiruke. Nikala kolachi sita. Maisha matamu.

Jumapili, 19 Mei

Nimesoma kijitabu alichotuachia Bi Corinne, mpaka ukurasa wa mwisho. Banda la shambani lililofikisha miaka mia hupewa kibao cha shaba chenye jina la mwenye nalo! Tangu alfajiri niko kwenye banda letu la kuku na msumari. Nimechonga juu ya mlango: 1887. Nimelipaka chai, limezeeka vizuri sana.

Tulilijenga mwaka 1991. Walioshuhudia ni watatu tu: mimi, Georgene, na Vlasta aliyepigilia bati. Georgene nitambembeleza. Vlasta nitamwambia amesahau.