Ugonjwa Wangu wa Mabega

Jumatatu, 6 Mei

Habari kubwa! Bosi, ambaye sote tunamwita Mama, katukusanya wote kwenye chumba cha kukunjia, mashine zote zikazimwa. Kiwanda cha kufulia kikinyamaza hivyo, ujue kuna msiba au kuna mshahara. Kumbe si huu wala ule. Mama katangaza kwamba kuanzia leo mfanyakazi akiugua atakaa nyumbani na siku zake atalipwa. Lakini ni majaribio. Mtu mmoja akidanganya, mpango unakufa palepale, kwa wote. Akarudia: kwa wote. Akatutazama mmoja mmoja. Mimi kanitazama mara mbili, sijui kwa nini.

Makofi! Kamanda, yule mpiga pasi anayejiona kama kiwanda ni cha baba yake, akatoa hotuba ya shukrani bila kuombwa. Pacha wangu hakupiga makofi. Alikaa juu ya furushi la nguo chafu, kajifunika uso, mabega yanatikisika. Nikadhani anacheka.

Si pacha wa kuzaliwa. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Unashika pembe mbili huku, mwenzako mbili kule, mnalikung'uta mara moja lijinyooshe, mnakutana, mnaachana, mnakutana tena. Kwa hiyo kila mkunjaji ana pacha wake wa shuka, na wangu nimekunja naye miaka mingi kuliko niliyolala na mke wangu. Ni mjane, ana watoto, ana ngiri. Daktari kamwambia mara kadhaa apasuliwe kabla utumbo haujanyongwa. Angepasuliwaje? Akilala hospitali siku hazilipwi, na nyumbani hakuna mwingine wa kuweka sufuria jikoni. Leo kapiga simu, kapangiwa Ijumaa. Alikuwa analia kwa furaha.

Nikafurahi naye, kweli kabisa. Halafu nikaanza kuwaza. Kitu cha bure, watu wengi namna hii, kitafika kwangu? Kamanda ataugua wiki hii hii, namjua. Na banda langu la kuku halina paa.

Jioni nikaanza kusikia mabega yanauma.

Jumanne, 7 Mei

Nimeugua rasmi! Nilichagua mabega kwa akili: mkunjaji asiye na mabega ana kazi gani? Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Mkono unapanda hadi kiunoni, unakwama, uso unakunjamana. Hata mimi nilijionea huruma.

Bosi akauliza tangu lini. Tangu jana jioni, Mama. Kamanda, ambaye hakuulizwa, akauliza bega lipi. La kulia, nikasema. Nikaona halitoshi, nikaongeza la kushoto. Akashangaa kwa sauti, yote mawili kwa mpigo? Nikamwambia ugonjwa haupangi foleni. Jasho jembamba likanitoka, na likanisaidia.

Bosi akaniruhusu. Pacha akanifuata hadi mlangoni, akatoa chupa yake ya dawa ya kuchua, akanitia mfukoni mwenyewe kwa kuwa mimi, maskini, sikuweza kuinua mkono. "Pole, kaka. Kapumzike. Nitakunja na yeyote atakayepatikana."

Chupa ilinigonga paja njia nzima. Sikuipenda hata kidogo. Lakini hadi saa sita nusu ya paa ilikuwa imepigiliwa.

Jumatano, 8 Mei

Siku mbaya.

Asubuhi mke wangu alikataa kunishikia ngazi. Kasema mabega yanayopiga nyundo vile hayahitaji msaada wa mwanamke. Nikapanda peke yangu. Msumari mdomoni, nyundo juu, ndipo nikaliona gari la kiwanda linakata kona.

Sikushuka, nilidondoka. Nikaingia kitandani na viatu, nikavuta blanketi hadi kidevuni. Nikamwomba mke wangu kwa macho aseme nimelala. Huyu mwanamke hajui kudanganya, ndilo tatizo la ndoa yetu. Akafungua mlango, akasema tu, karibuni, yumo ndani.

Wakaingia. Bosi na mfuko wa machungwa. Kamanda na macho yake. Na nyuma kabisa, polepole, Pacha, mkono mmoja tumboni. Kumbe tangu jana anakunja na Kamanda, na Kamanda hajui kukutana katikati. Anasimama kama nguzo, Pacha ndiye anakwenda na kurudi na uzito wote. Sura imemsawajika. Nikamwonea huruma sana pale chini ya blanketi.

Bosi akanipa pole, akasema mipango kama hii ipo kwa ajili ya watu kama mimi. Kamanda alikuwa anatazama ngazi dirishani. Sikuweza kujibu vizuri kwa sababu ya ule msumari, nikawa naguna tu. Bosi akaona nilivyolowa jasho, akamwomba mke wangu shuka safi nibadilishiwe.

Hapo ndipo dunia ilipogeuka.

Mke wangu akaleta shuka. Pacha akalipokea, akalifungua, akalikung'uta. Paa! Hakuwa na nia mbaya, ni mazoea ya mikono. Na mimi pia ni mazoea. Kabla akili haijafika nilikuwa nimesimama, pembe mbili mikononi, mikono juu ya kichwa. Tukakutana. Tukaachana. Tukakutana. Kunja, kandamiza, tayari. Shuka likatoka mraba safi, hata hospitali hawapati namna ile. Na nikajisikia nasema, "Lete lingine!"

Nimesimama na viatu miguuni. Msumari ulikuwa umeanguka sakafuni niliposema.

Bosi akanyanyuka. Hakunigombeza. Kasema anaona nimepona, na kwamba mpango umekufa kama alivyoahidi. Atakayeumwa aumwe kwa gharama yake. Alikuwa ananiambia mimi, lakini niliyemtazama ni Pacha. Alikuwa bado ameshika shuka kifuani.

Machungwa Kamanda kaondoka nayo.

Alhamisi, 9 Mei

Hakuna aliyeitikia salamu yangu. Mlinzi wa getini, ambaye husalimia hata paka, kageuka ukutani.

Pacha kaja kazini. Nikamuuliza kuhusu kesho. Kasema haendi. Nikamsihi, nikamwambia atakufa. Akanyanyua pembe zake mbili. "Shika, kaka." Siku nzima hakuniambia neno jingine. Kila tukiinua mikono anaziba pumzi, kila tukishusha anaiachia. Nilianza kuziba pumzi naye bila kujua.

Mchana nikapata wazo! Nikaenda kwa Bosi, nikamwambia sikudanganya. Nilikuwa mgonjwa kweli, ila Pacha kanipa dawa ya kuchua yenye nguvu za ajabu, nikapona ghafla mbele yao. Kwa hiyo uongo hakuna, mpango urudi, Pacha akapasuliwe. Nilikaribia kuamini mwenyewe. Bosi akaomba aione hiyo dawa. Nikaitoa mfukoni kwa fahari. Akaigeuzageuza, akanionyesha kifuniko. Hakijawahi kufunguliwa.

Nikamwambia basi anikate mimi mshahara, amlipe yeye. Safari hii sikuwa napanga lolote, nilisema tu. Akajibu kwamba alisema kwa wote, na neno lake akilirudisha leo, kesho nani atamsikiliza? Nilitoka nikiwa na uchungu, na aibu imenijaa hadi masikioni.

Ijumaa, 10 Mei

Tulikuwa tunakunja mashuka ya hospitali. Hospitali ile ile! Saa ambayo angekuwa amelala kitandani kwao, alikuwa ananyoosha mashuka yao.

Tukainua. Nikavuta. Shuka likaja lote kwangu.

Upande wa pili hapakuwa na mtu. Pacha alikuwa chini, amejikunja, hasemi. Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Bosi akaja mbio, kiatu kimoja kimebaki njiani. Tukampakia gari la kiwanda juu ya marobota, Bosi kampakata kichwa, dereva kaondoka bila kufunga mlango.

Niliokota shuka. Sikuwa na wa kukunja naye. Kamanda akaja upande wa pili, naye analia, pasi yake inaunguza foronya ya watu nyuma yake na hakuna aliyejali.

Alasiri Bosi akarudi peke yake. Kasema yuko chumba cha upasuaji, na hospitali wanadai mashuka yao haraka. Akakunja mikono ya gauni, akamwondoa Kamanda, akashika pembe mbili mwenyewe. Tukainua. Tukakutana. Tukaachana. Baada ya furushi la kwanza mikono inamtetemeka. Baada ya la pili akasimama katikati, uso wake karibu na wangu.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya? Na ngiri?"

"Ndiyo, Mama."

Tulikunja hadi yakaisha, simu iko juu ya meza, kila mmoja anaitazama bila kuonekana anaitazama. Ilipolia hakuna aliyetaka kuipokea. Kamanda ndiye aliyeipokea. Akasikiliza, akakaa chini sakafuni, akasema yu hai.

Daktari kasema angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunasema mengine.

Jumapili, 12 Mei

Jana Bosi katukusanya tena. Kasema alikosea. Mwongo mmoja hawezi kumnyima mgonjwa chakula cha watoto wake. Mpango umerudi, na si majaribio tena. Pacha analipwa tangu Ijumaa hadi daktari atakapomruhusu. Atakayedanganya atafukuzwa yeye peke yake. Hapo watu wote wakageuza shingo upande wangu, kama wamefanya mazoezi.

Leo nimekwenda kumwona. Kalala kwenye shuka nililolikunja mimi, nimelijua kwa mkunjo. Kapungua, lakini anapumua bila kuziba. Nikamrudishia chupa yake. Kacheka, akashika kidonda, akaniomba nisimchekeshe. Kisha kasema, "Kaka, niahidi. Usiugue tena." Nikaahidi, machozi yananilenga. Nilimaanisha kila neno.

Njiani kurudi, hata hivyo, nimewaza. Banda bado lina nusu paa na mvua inanyemelea. Na kosa langu ni dogo sana ukilitazama vizuri: nilichagua mabega! Kifundo cha mguu kingenifaa. Mguu haukunji shuka.

Jioni nimemwomba mke wangu akung'ute shuka, nijaribu. Kakung'uta. Nikajikuta nimesimama wima kwa miguu yote miwili, pembe mbili juu ya kichwa.

Si neno. Kesho nitaugua macho.