Mguu wa Kulia wa Mikidadi Ulivyofika Ruangwa

Njooni, enyi mlio kivulini na enyi mlio juani, mwenye jamvi alikunjue na mwenye redio aizime, mnisikilize nikisimulia safari kuu kuliko zote zilizopata kupita kati ya Nachingwea na Ruangwa, safari iliyopiganwa si kwa upanga wala kwa bunduki, bali kwa makalio ya mtu mmoja yaliyokataa kuachana na siti ya baiskeli. Nami ninayesimulia sina upendeleo wowote kwa shujaa huyu, kwa maana suruali yangu ya kijivu iko dukani kwake tangu Idi, na mpaka leo ina mguu mmoja.

Jina lake ni Mikidadi bin Ausi, mzaliwa wa Nkowe, fundi cherehani wa Nachingwea, Mwenye Vigimbi vya Mninga, aliyekanyaga cherehani miaka ishirini bila kusogea hata hatua moja. Akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja alisikia kwamba Mtwara kutakuwa na triathloni, yaani mtu aogelee, kisha aendeshe baiskeli, kisha akimbie, vyote asubuhi moja na bila mtu kumlazimisha. Moyo wake ukawaka. Kuogelea akajifunza katika lambo la Naipingo, mbele ya ng'ombe waliomtazama kwa huruma. Kukimbia akakimbia. Lakini baiskeli ndiyo iliyomnyima usingizi.

Aliyeunda timu ya kwenda Mtwara ni Mwalimu Ladislaus, mtu wa Songea aliyehamishiwa Ruangwa kufundisha jiografia, na nafasi ilikuwa imebaki moja. Sharti lake lilikuwa moja pia: mtu atoke Nachingwea hadi Ruangwa, katika joto la Novemba, bila kutia mguu chini. Mara tatu Mikidadi aliondoka, na mara tatu alishuka njiani, na mara ya tatu, Mungu amsamehe, akakana kwamba alishuka. Mwalimu akaishika raba yake ya kulia, akaigeuza, akakuta mbigili tatu zimechoma soli.

"Mikidadi bin Ausi," akatamka Mwalimu, "mbigili haioti hewani! Nakupa safari ya nne, nayo ndiyo ya mwisho. Ukishuka tena, nafasi hii namwandika Davis wa halmashauri, ambaye hajui kuogelea lakini hajawahi kunidanganya."

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko jua lote la kusini, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mkewe, Zaina, alimwekea ugali, hakuugusa. "Nenda," Zaina akamwambia, "lakini ukirudi hujaandikwa jina, hiyo baiskeli naanikia nguo."

Ikafika siku ya siku. Shujaa alikusudia kuondoka alfajiri, lakini mteja mmoja mkorofi alimzuia mlangoni akidai suruali yake, wakajibizana mpaka saa nne. Nakiri, mteja huyo ni mimi. Basi akapiga bismillahi, akapanda baiskeli yake ya Kichina, jeusi la chuma lisilo na gia wala huruma, akaingia barabarani wakati Sultani Jua amekwisha kukaa kwenye kiti chake na kupanga majeshi.

Loo! Ni nani atakayeieleza vita ile? Vumbi jekundu liliinuka kumlaki, upepo wa moto ukampiga kifuani, jasho likamtiririka hadi kwenye kaptula aliyojishonea kwa mabaki ya sare za shule. Mikorosho ilisimama pande zote mbili, na watu waliookota korosho chini yake wakanyoosha migongo wakamtazama. Mtu mzima anaendesha baiskeli saa sita mchana, hana gunia, hana abiria, hana msiba. Jambo hilo halikuwaingia akilini.

Akafika kwenye kilima kirefu, mahali alipowahi kushuka mara zote tatu. Mwendo ukapungua mpaka kuku wakampita. Na hapo, kando ya njia, alikuwa amesimama Bibi Mwanamvua, mkulima wa ufuta, na kinu cha mninga miguuni pake.

"Shikamoo, bibi!" akalia Mikidadi.

"Marahaba, mwanangu. Shuka tusalimiane."

"Siwezi kushuka, bibi!"

Bibi Mwanamvua akashika kiuno. "Haa! Siku hizi mtu mzima unamwamkia juu ya baiskeli kama unafukuza mbuzi? Wewe mtoto wa nani?"

Mtihani mkubwa ulioje! Asiposhuka, ukoo mzima wa Nkowe utaitwa usio na adabu. Akishuka, jina lake limekwenda na maji. Akapaza sauti yenye kukatika pumzi: "Bibi yangu, mimi ni mtoto wa Ausi wa Nkowe, na heshima yako iko kichwani pangu! Lakini nimeapa mguu wangu hautagusa ardhi mpaka Ruangwa!"

Uso wa bibi ukabadilika. "Kumbe ana nadhiri!" akawaambia majirani zake wawili, wanawake waliokuwa naye kando ya njia. "Jamani, mtu ana nadhiri, msimguse mguu!"

Mikidadi hakusema ndiyo wala hakusema siyo. Pumzi za kueleza triathloni hakuwa nazo.

"Basi kama ni Ruangwa," akasema bibi akitembea ubavuni mwake pasipo taabu yoyote, "nipelekee kinu hiki kwa binti yangu Hajra. Kesho ana akika ya mtoto, na kinu chake kimepasuka. Atakupokea barabarani."

Na kabla shujaa hajajibu, wanawake watatu walikuwa wamekipakia kinu kwenye keria huku baiskeli inakwenda, wakakifunga kwa ukanda wa kanga, wakachomeka mchi pembeni kama mkuki, kisha wakaweka mabega nyuma wakasukuma. Hivyo ndivyo kilima kile kilivyotekwa. Lakini juu kabisa, gundi ya raba yake ya kulia ikayeyuka kwa joto, soli ikadondoka, na raba yenyewe ikaifuata. Mikidadi akaitazama ikibaki nyuma. Hakushuka.

"Kiatu chako nitakitunza!" bibi akapaza sauti, tayari simu iko sikioni.

Habari zikamtangulia. Kila penye nyumba watu walisimama wamemngoja mwenye nadhiri, wakakimbia naye, wakamnywesha maji kwa kata, wakamwagia mengine kichwani. Wengine walimwombea. Hapo Mikidadi akaona haya, kisha akaona kitu kingine: kwamba hawezi tena kuwadanganya watu wengi kiasi hiki. Akakanyaga pedali kwa mguu mtupu, akilia kidogo, na akakanyaga.

Saa nane mchana aliingia Ruangwa. Mwalimu Ladislaus alikuwa kivulini na saa ya kupimia muda, na Hajra amesimama kando yake akingojea kinu.

"Nishikeni!" akanguruma Mikidadi. "Nishikeni, wala nisishuke kabla sijakaguliwa!"

Hajra akashika keria, Mwalimu akashika usukani, kisha akainama akauinua mguu wa kulia. Haukuwa na kiatu cha kuficha wala soli ya kukana. Palikuwa na mistari ya pedali tu, myeusi, imejichapa toka kisigino hadi vidole, isiyokatika hata mahali pamoja.

"Na wa kushoto?" akauliza Hajra.

"Huyu tangu nimjue hajawahi kushukia wa kushoto," akasema Mwalimu. Macho yake yakalowa, akatoa kalamu. "Nilikudhania vibaya safari hii, fundi. Kusukumwa sikukataza, na kinu sikukiagiza. Shuka, bin Ausi. Ardhi ni yako."

Ndipo, mbele ya mwalimu mmoja na mzazi mmoja, mguu ule mtukufu ukateremka, ukagusa mchanga wa Ruangwa wa saa nane mchana, ukaungua. Mikidadi akatoa ukelele, akaruka, akatimua mbio na raba moja.

"Na mbio za miguu zimeanza!" akapaza Mwalimu Ladislaus akibonyeza saa, na chini ya kivuli akaandika: Mikidadi Ausi, fundi, Nachingwea.

Jina hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye karatasi iliyobandikwa. Suruali yangu bado ina mguu mmoja, nami nimeshamwambia asiniharakishie.