Mashine ya Njia Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimedharauliwa. Tena na damu yangu mwenyewe! Kitindamimba wangu, fundi wa sauti mwenye masikio ya kusikia mbu akipiga chafya, alikwenda jana kwa Mzee Redio, yule fundi mstaafu, kuchagua mashine ya zamani ya kurekodia kwa mkanda. Jumamosi anarekodi kwaya kubwa. Kazi yake ya kwanza ya maana! Mwalimu wa kwaya hataki kompyuta, eti inawapausha waimbaji. Mkanda, la sivyo haji. Kulikuwa na mashine mbili. Moja kama sanduku la msafiri maskini, njia nne: inashika sauti nne mbalimbali, basi. Nyingine kama kabati la bibi harusi, njia kumi na sita, taa mbele tele. Mtoto akachagua sanduku! Mimi nimezaa mtoto wa njia nne? Leo nimepita kwa Mzee Redio nikabadilisha. Akauliza kama binti anajua. Nikamwambia mama ndiye anayejua.

Jumanne, 4 Machi

Imefika. Wanaume sita. Mlango ukakataa, tukang'oa fremu. Jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye mwanawe ana studio ya kompyuta na adabu hana, akachungulia akauliza kama nimenunua jokofu la mochwari. Nikamjibu kwamba wivu haumzeeshi mtu vizuri. Binti aliporudi alipitisha ukucha kwenye vichwa, vile vyuma vinavyosoma mkanda, kisha akaniambia nami nipitishe. Mfereji! Vimelika katikati kama ngazi za shule. Kumbe ndiyo maana yule mzee alikuwa anatabasamu.

Jumatano, 5 Machi

Mzee Redio amekuja na bisibisi na mdomo wake. Katika njia kumi na sita, saba zinasema. Binti akasema zinaitosha kwaya. Nikasema, si nilisema? Ila mikanda iliyokuja nayo imezeeka, inanata kama lami juani. Dawa yake eti kuioka! Nikadhani nachezewa shere. Binti akathibitisha: ni moto mdogo kabisa, wa kuangulia mayai, saa nane nzima, na Mzee ataleta kesho kifaa chake cha kukaushia. Kifaa! Katika nyumba yenye oveni yangu! Mtaa huu mzima umeota meno kwa mikate yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka mapema niwapunguzie kazi. Moto wa mayai ni wa watu wasio na shughuli. Nimeweka wa mkate, dakika arobaini. Mikanda imeumuka. Kwa haki ya Mungu imeumuka vizuri, kingo zimepiga rangi ya dhahabu. Binti alifungua oveni, akaifunga polepole, kama mtu anayemfunika marehemu uso. Sasa kosa ni la nani? Kitu cha kuokwa hakina maelezo kwenye pakiti!

Ijumaa, 7 Machi

Binti alikimbia kwa Mzee Redio kulitaka lile sanduku la njia nne, pamoja na mkanda mpya. Limeuzwa! Jana! Kwa mtoto wa jirani! Mchana mwalimu wa kwaya akapiga simu, kwa adabu zote, kusema wanahamia mlango wa pili. Binti amejifungia chumbani. Nilimwekea chai mlangoni. Imepoa palepale. Hiyo ndiyo imeniuma, na siandiki zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne asubuhi, hodi. Mtoto wa jirani, jasho linamtiririka, anamwomba dada amwokoe: hajui mkanda unapitia wapi, na nusu yake amejivika shingoni. Nikamkataza binti asiende. Akaenda. Nikaketi sikio ukutani hadi alasiri. Waliimba, binti akawasimamisha, akawapanga upya, akawaambia sauti ya tatu inameza maneno. Watu arobaini wazima wanamtii! Wimbo wa mwisho ulipoisha nikashindwa kujizuia, nikapiga kigelegele. Dakika ileile jirani akaja mbio, anafoka kwamba kigelegele changu kimeingia kwenye mkanda. Binti aliporudi jioni akasema mwalimu wa kwaya amekisikiliza mara mbili na kuamua kibaki.

Jumapili, 9 Machi

Jalada litaandikwa jina la studio ya jirani! Kazi ya mwanangu, kigelegele changu, jina lao! Binti anacheka tu. Kwaya nyingine mbili zimeshamwita. Anasema, mama, nilichohitaji ni masikio yangu na njia nne. Nimemwelewa kabisa. Kosa letu ni kwamba tulinunua kabati dogo. Mzee Redio ana jingine la njia ishirini na nne, limetoka kwenye kituo kilichofungwa. Linakuja Jumatano. Binti akiuliza ni la njia ngapi, nitamwambia nne. Wala si uongo. Nne, mara sita.