Kiti cha Meza Kubwa

Jumatano, 9 Oktoba. Thunder Bay.

Naondoka! Gari-nyumba limejaa mafuta, mikate ya iliki imefungwa, na hasira niliyo nayo ingetosha kunifikisha Sudbury hata bila injini.

Ukweli uandikwe. Nina miaka hamsini na saba. Nina meno yangu mwenyewe, pensheni ya reli, na sasa nina nyumba yenye magurudumu. Lakini kila Sikukuu ya Shukrani, kwa dada yangu Aila huko Sudbury, watu wazima hukaa meza kubwa na mimi hupelekwa meza ya watoto. Meza ya plastiki! Vile viti vya kukunja, magoti yangu yanagusa kidevu! Kisa? Mimi ndiye kitinda mimba, sina mke, na meza kubwa ina viti kumi tu. Aila huwaambia wageni, "Veikko hajali." Nani kasema sijali? Najali tangu nilipoota ndevu.

Mwaka huu kiti kimoja kimebaki wazi. Mpwa wetu kahamia Alberta. Nilimpigia Aila simu, nikajifanya naulizia hali ya hewa. Akasema kiti atampa Trent, mchumba wa binti yake Kirsti. Trent! Ana miezi minne tu katika ukoo huu! Hata mbwa wa Aila alisubiri zaidi ya hapo ndipo akaruhusiwa sebuleni.

Kwa hiyo nina mpango. Gari-nyumba nimelinunua kwa kazi hii. Nitapita kwa kaka Raimo, Wawa. Nitapita kwa shangazi Sylvi, Sault Ste. Marie. Nitawalisha, nitawasifu, nao watanisemea kwa Aila. Jumapili mchana, mimi kitini.

Majani ya miti yamekuwa mekundu na ya manjano, watu wanasimamisha magari barabarani kuyapiga picha. Mimi sina muda wa majani.

Alhamisi, 10 Oktoba. Wawa.

Uwanja wa Raimo una mteremko. Jana jioni alisimama nyuma ya gari kunielekeza nirudi kinyumenyume. Akapunga mkono: njoo, njoo. Nikaja. Kumbe anamsalimia jirani! Nimeangusha kuni zake zote za sauna, lile bafu lake la mvuke, kuni alizozipanga tangu kiangazi. Na nani kalaumiwa? Mimi! Eti vioo vya gari vina kazi gani. Nikamwambia mtu anayeelekeza gari hasalimii majirani, atawasalimia siku nyingine.

Nimelala kichwa chini, miguu juu. Raimo aliniletea pima maji na vipande vya mbao nivitie chini ya magurudumu gari likae sawa. Nikakataa. Sikuja hapa kupimwa.

Leo kutwa nimepanga kuni. Huku napanga, huku namweleza habari za kiti, kwa urefu na kwa mifano. Yeye alikuwa amejipenyeza chini ya gari langu, anahangaika na mabomba, anasema kitu fulani kuhusu baridi ya usiku na maji. Sikumsikiliza. Mtu akidai haki yake hakatizwi kwa mabomba. Mwisho nikamuuliza, je, utanisemea kwa Aila? Akajifuta mikono, akasema, "Veikko, ndugu yangu, chakula si ni kilekile?"

Kilekile! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yeye amekaa meza kubwa tangu alipooa.

Ijumaa, 11 Oktoba. Sault Ste. Marie.

Aibu. Lakini si yangu!

Shangazi Sylvi ni dada wa marehemu baba, na neno lake Aila halipingi. Akisema mtu akae mahali, anakaa. Kwa hiyo nilijiandaa. Nikatandika kitambaa mezani, nikakata mkate wa iliki, nikatoa vikombe vya maua. Nikamshika mkono kupanda ngazi za gari-nyumba. Nikammiminia kahawa, nikaanza hotuba yangu.

Akanywa funda moja. Akainuka. Akaitema kwenye sinki, akaniuliza kama nina haraka ya urithi.

Nikaionja. Uchungu wa ajabu! Nikafungua bomba: maji yenye rangi ya waridi! Raimo alikuwa ametoa maji yangu yote na kujaza ile dawa ya kuzuia mabomba yasipasuke kwa baridi. Bila kuniambia! Nimempigia simu. Anasema aliniambia mara mbili. Uongo mtupu, pengine mara moja. Anasema pia kwamba dawa yenyewe haiui mtu. Nilimfikishia shangazi habari hizo njema, naye hazikumfurahisha hata kidogo.

Alimpigia Aila palepale, mbele yangu, kana kwamba mimi ni kabati. Nilisikia haya kwa masikio yangu: "Nakwambia huyu mtoto hajakua!" Mtoto! Nilikuwa nimepanga nimpeleke Sudbury mwenyewe, ateremke kwenye gari langu mbele ya wote. Kesho anakwenda kwa basi.

Jumamosi, 12 Oktoba. Sudbury.

Nimefika. Wa kwanza kutoka nje kunipokea: Trent. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita mjomba. Mjomba wa nani? Hata hajaoa bado! Akatazama gari, akasema kwa upole kwamba limeinama kidogo, kisha akaingia chini yake na mbao na pima maji yake mwenyewe. Sasa milango haijifungui na jokofu linafanya kazi. Sikumshukuru. Adui akikunyooshea gari ujue kuna kitu anataka.

Jioni nikamfuata Aila jikoni, anamenya viazi. Nikadai haki yangu. Nikataja umri, magoti, plastiki. Sauti ilinipanda. Shemeji Gordon, mumewe, akapunguza televisheni ili anisikie vizuri. Aila akasema viti haviongezeki kwa makelele. Hapo Trent, ambaye bila shaka alikuwa anafuta vyombo, akasema, "Mjomba akae yeye bwana. Mimi nitakaa na watoto, hamna shida."

Hamna shida! Miaka yote hii ya dhuluma, halafu yeye ananipa haki yangu kama anayempisha mzee kwenye basi! Nimekubali. Lakini nimekubali kwa hasira, na nadhani wote wameliona hilo.

Mama alikuwa pale pembeni anakanda unga wa pai. Hakuinua macho. Aliniuliza tu kama nina hakika. Nikamwambia, Mama, kiti hiki nimekisubiri maisha yangu yote. Akasema, "Haya, baba."

Jumapili, 13 Oktoba. Sudbury.

USHINDI! Nimeketi! Kiti cha mbao, mgongo mrefu, mto juu yake. Magoti yakakaa mahali pa magoti.

Kiti chenyewe kiko mwisho kabisa, dirishani, kati ya shangazi Sylvi na shemeji Gordon. Shangazi alinusa kila kitu nilichompitishia, hata chumvi. Gordon alinieleza mifereji ya paa lake. Jinsi majani yanavyoiziba. Wavu anaotaka kuifunika nao. Nilidhani amemaliza, kumbe amemaliza upande wa mbele wa nyumba tu.

Meza ya watoto huungwa na meza kubwa upande ule mwingine, penye kiti cha Mama. Jambo hili sikuwahi kulitia maanani, kwa kuwa nilikuwa nimekaa palepale. Leo mahali pangu, ubavuni mwa Mama, amekaa Trent, magoti kidevuni, anacheka. Wote wanacheka! Tuuli, mjukuu wa Raimo, kamvika taji la majani mekundu. Taji hilo mwaka jana nilivikwa mimi!

Halafu bata mzinga akakatwa. Mama akabandua ile ngozi ya kifuani, iliyokauka mpaka inalia kwa kisu, ambayo ananiwekea mimi tangu nina meno ya utotoni. Nikanyoosha sahani. Haikufika popote. Mama akageukia upande wake, akaiweka kwenye sahani ya Trent.

Sikuweza kula. Yaani nilikula, lakini kwa uchungu. Pai ya boga vipande viwili tu.

Baadaye nikaenda meza ndogo kuuliza, kwa heshima zote, kama kuna nafasi ya kunywea kahawa. Tuuli akanitazama toka chini hadi juu. "Babu Veikko, wewe si umeshakuwa mkubwa? Rudi kwa wenzako." Ana miaka sita! Haya ndiyo malezi ya siku hizi!

Jumatatu, 14 Oktoba. Njiani, kando ya ziwa.

Nimeondoka asubuhi. Mama alinishika mkono dirishani muda mrefu. Akasema niendeshe polepole, na nisisahau kutazama kiti cha abiria. Nikamwambia tafadhali, habari za viti sitaki kuzisikia tena.

Mpango mpya: Krismasi! Trent lazima apandishwe meza kubwa. Ni aibu kwa ukoo mzima kumkalisha mkwe mtarajiwa na watoto, kwenye plastiki! Nitapita kwa Raimo, nitapita kwa shangazi, nitawalisha na kumsemea kijana kwa moyo wote. Na mimi, kwa unyenyekevu, nitarudi pale ubavuni mwa Mama. Wanaosema gari-nyumba halipiti kwenye theluji ni waoga.

Nilisimama hapa nichemshe kahawa ya kusherehekea mpango. Waridi tena! Huyu Raimo!

Ndipo nikaona kitu kwenye kiti cha abiria. Karatasi ya aluminiamu, imekunjwa pembe nne vile anavyokunja Mama. Ndani, ngozi ya bata mzinga. Ile ya kifuani, upande wa pili, mzima. Kubwa kuliko ya Trent.

Nimeila yote, nimelamba na karatasi. Lakini iandikwe hapa, isije ikasahaulika: ilikuwa imepoa. Trent alipewa ya moto!