Kamati ya Sura za Nje na Ukuta wa Mama Mkwe

Kwa furaha isiyo na kifani, wananchi wote wa mji walitangaziwa kwamba kuanzia siku ile hakuna ukuta utakaopigwa lipu, kubandikwa vigae wala kupakwa rangi kwa nje bila idhini ya Kamati ya Sura za Nje. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi mwenyewe, koti na tai, akiwa amesimama barabarani kando ya shimo la kumeza punda mzima. Shimo hakuligusia. Shimo halikuwa kwenye idara yake.

Na msidhani alikurupuka. Asubuhi moja, akiwa kwenye gari, aliona nyumba ya waridi imepakana na duka la kijani, macho yakamuuma, na papo hapo akagundua kinachorudisha maendeleo nyuma. Si maji; mabomba yalikuwa makavu siku nyingi na watu walishazoea. Ni rangi kutoelewana. Hakupumzika mpaka kamati ikaundwa, na kamati nayo haikupumzika mpaka ikaletewa chai.

Mwombaji wa kwanza, lo, akawa mama mkwe wake.

Alikuwa mjane wa sauti laini na shingo ngumu. Nyumba yake ilikuwa imechakaa kwa nje, lipu inadondoka kama maganda, naye alitaka aione mpya kabla hajazeeka zaidi. Kwa kuwa mkwe wake ndiye bosi wa kuta zote, alijua mambo yatakuwa chapuchapu, basi akamwambia fundi abandue lipu yote ya zamani. Matofali yakabaki uchi. Kisha akaja ofisini.

Mkurugenzi alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nataka njano tu. Njano iliyokolea, kama kiini cha yai. Na huku chini maji yanakorukia, nibandike vigae vya mawe."

"Mama, ningependa. Lakini mimi nikikupa leo, kesho watu watasema nini? Utaratibu ni utaratibu."

"Mawingu yale unayaona, baba?"

"Mawingu yatazingatiwa, mama."

Kamati ikaketi. Mapazia yalifungwa na taa ikawashwa, maana Mkurugenzi alikwisha kuelekeza kwamba rangi za nje zichaguliwe ndani. Jua, alieleza, ni kigeugeu: asubuhi linasema hivi, mchana linasema vile, na uamuzi wa serikali hauwezi kutegemea kitu kinachotua kabla ya kikao kwisha.

"Njano ni mali ya barabara," alianza mjumbe wa barabara. "Dereva akiona ukuta wa njano atapunguza mwendo."

"Na akipunguza kuna ubaya gani?" aliuliza Katibu, mama mwembamba aliyependa kanuni kuliko usingizi.

"Atachelewa kazini."

Wote wakaguna. Ikaonekana jambo ni zito, kikaundwa kikamati cha njano. Kikamati nacho kikagawanyika: hawa njano ya ndizi, wale njano ya kiini cha yai. Mjumbe mmoja akauliza yai la kuku gani, wa kufugwa ndani au wa kujitafutia, na swali lake likasifiwa sana. Mkurugenzi alifurahi. Mambo yalikuwa yanakwenda, ila hayafiki.

Mvua haikuomba idhini ya mtu. Ilishuka usiku kucha, na matofali yasiyo na lipu yakainywa kama yaliyotoka safari. Asubuhi godoro la mama mkwe lingeweza kukamuliwa. Jioni Mkurugenzi alirudi kwake akakuta masanduku sebuleni, na juu ya kiti chake, kile cha kuegemea, amekaa mama mkwe.

"Nimekuja kwa muda tu, mwanangu. Mpaka kamati yenu ipatane na yai."

"Karibu sana, mama," alisema Mkurugenzi.

Mwenye mama mkwe anajua. Heshima ile si mchezo. Mwanamume aliyezoea kuzunguka nyumbani kwa singlendi na bukta sasa akawa anakwenda kuoga na koti. Hapigi miayo, hacheui, hanyooshi miguu. Mpira wa kwenye televisheni akawa anausikiliza kwa jirani kupitia ukuta. Na kila jioni mama mkwe anamuuliza kwa adabu tupu, "Baba, kamati inasemaje?" Mkewe anainama kwenye sahani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Yakamfika shingoni. Akaingia kikaoni kwa kishindo. "Wajumbe, njano ipite leo! Ya ndizi, ya yai, ya bata, ipite!"

Katibu akavua miwani. "Mheshimiwa, mwombaji ni mkweo, tena yuko kwako. Una maslahi. Kwa kanuni uliyoitunga, unatakiwa utoke nje."

Akatoka. Kwenye korido palikuwa na benchi refu limejaa waombaji, na mzee mmoja mwenye kipande cha boksi kilichopakwa kijani akamsogelezea nafasi.

"Kaa, ndugu yangu. Umeomba nini?"

"Mimi ni Mku..." Akameza mate. "Njano."

"Aa, njano ngumu. Pole. Mimi kijani, wananiambia nivumilie. Nyumbani tunalala chini ya turubai."

Mkurugenzi akaketi kando yake. Kwa mara ya kwanza aliona aibu, na aibu ile ilimkaa mpaka mlango ulipofunguliwa, yaani si kwa muda mrefu.

"Hongera, Mheshimiwa," alisema Katibu. "Njano imepita kwa kauli moja. Ya yai, na vigae vya mawe."

"Alhamdulillahi! Basi mama anarudi kwake!"

"Kwake wapi? Idhini hutolewa kwa nyumba anayoishi mwombaji siku ya uamuzi. Ni kanuni ya Mheshimiwa, tena nzuri, inazuia ujanja. Na kwa kuwa mwombaji ni mwathirika wa mvua, tumempelekea fundi kwa dharura tangu kikao kinaanza, kabla hata ya kura."

Aliendesha gari bila kuona njia, na shimo likamtoa kofia ya gurudumu. Nyumba yake, nyeupe ya maziwa, iliyosifiwa na wageni wote wa idara, ilikuwa njano upande mzima wa mbele. Fundi yuko juu ya ngazi. Mama mkwe yuko chini, kwenye kiti kile kile cha kuegemea, ananyoosha kidole.

"Ongeza pale kwenye kona, fundi. Eeh, hapo hapo. Ah, mwanangu! Na mimi niliyekuwa nawasema vibaya! Kumbe serikali inafanya kazi."

"Ahsante, mama. Na... na nyumba yako je?"

"Ile nitaiombea upya. Sina haraka, baba, kamati ifikiri kwa utulivu." Akamtazama kwa upole. "Hebu niambie, huku ndani ya nyumba nako mna kamati?"

"Hapana, mama. Ndani kila mtu anajiamulia."

"Vizuri. Fundi, shuka! Tunaanza na chumba chao."