Bastola ya Shemeji Odile

Jumatano, 6 Machi 2019
Liège. Mvua. Shemeji Odile, dada wa mke wangu, kaja na kisanduku. Ndani: bastola ya sebuleni, kitako cha mjozi. Zile ambazo mabwana wa zamani walilengea shabaha chumbani baada ya chakula, risasi ndogo kama dengu. Ya marehemu baba yao. Kaniomba nimtambulie. “Shemeji, wewe ndiye mjuzi.” Kweli kabisa! Akaanza kueleza jambo fulani la ukoo wao, nikamkatiza. Mtaalamu hahitaji hadithi.

Jumamosi chama chetu cha wapenzi wa silaha kuukuu kina maonyesho. Kabati la katikati ni la vitu vya kabla ya 1870. Miaka mitano sasa ni la mwanachama mwenzangu, Crahay, na pua yake.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeifungua. Chini ya mtutu: mhuri wa ukaguzi, umbo la yai, wenye herufi za mji wetu. Juu yake, taji. Balaa! Taji lilianza kugongwa 1893.

Lakini ni dogo kama chawa. Nimelipitishia tupa. Mkono ukateleza, herufi mbili za pembeni, J.D., nazo zikaenda. Herufi tu. Mafuta, masizi kidogo. Safi!

Jumamosi, 9 Machi
Kabati la katikati! Kadi nimeandika mwenyewe: “Liège, karibu 1855.”

Crahay akaomba kuishika. Akainama na kioo cha kukuza. Akatangaza, taratibu kama padri, kwamba mtutu umepigwa tupa juzijuzi. Nikasema ni wivu. Akajibu: “Wivu wa nini, Lognard? Umemnyoa mzee wa watu bila maji!” Ukumbi mzima ukacheka.

Hapo akaingia Odile na binti zake wawili, wamevaa kama wanakwenda misa. Kadi hakuitazama. Akauliza kama nimeziona herufi J.D. Jules Delhasse, babu wa marehemu baba yake, alikuwa mfua mitutu. Hakuacha picha wala kaburi. Baba yake alikuwa akisema jina la huyo babu limo humo ndani, ila hakuthubutu kuifungua. Wasichana walikuja kuliona.

Nikasema huenda uzee umezila. Crahay akanitazama. Heri angenitania tena.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu kasema nisiguse mabumunda ya nyama hadi nikaungame kwa dada yake. Yalikuwa na mchuzi wa zabibu. Nikaenda.

Odile alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Akasema, “Ungeniacha tu nimalize kusema, shemeji.” Akalia bila sauti. Sikujua pa kuweka kofia yangu.

Jumanne, 12 Machi
Crahay katuita karakanani kwake, mimi, Odile na wasichana. Akasema nyundo ya kugongea herufi huumiza chuma kwa ndani, tupa haifiki huko. Akapaka asidi kwa usufi, tone kwa tone. Tukangoja. Ukatokea ukungu wa kijivu, kisha J, kisha D. Odile akaweka kidole karibu, bila kugusa. Yule mdogo kati ya wasichana akasema kwa sauti: “Shikamoo, babu Jules.” Hata Crahay alipenga ile pua yake.

Nami nimetoka na elimu kubwa. Kumbe asidi hutoa majina! Bunduki ya mjomba Servais haina jina popote. Nimenunua lita mbili. Nikiiloweka hadi Ijumaa, jina la mfalme mmojawapo lazima lijitokeze.