Malalamiko Juu ya Kuhamishwa kwa Shimo la Kuchomea Bangi

Njia ya Chala, Ufipa
Agosti 1992

Kwa Mkuu wa Kituo Kidogo cha Polisi, hapa kijijini.

Afande, pokea heshima zangu. Mimi ni Adriano, jirani yako wa nyuma ya kituo, mwenye mashine ya kusaga. Nakuandikia kwa uchungu, na uchungu wenyewe uko upande wa kushoto wa kichwa.

Mwaka wa nne sasa nasumbuliwa na kipandauso. Kikinishika sitaki jua, sitaki salamu, natapika hata maji. Nimemeza vidonge vya Sumbawanga mjini, nimechanjwa chale Wampembe, wapi! Dawa niliipata kwenu. Kila mlipochoma bangi mliyokamata, pale shimoni nyuma ya ua wangu, moshi ulinifikia na kichwa kikatulia. Sijawahi kuvuta, afande. Mimi napumua tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi uliopita ulihamishia shimo upande wa kanisani bila kumshirikisha mgonjwa.

2. Moshi wote sasa unamwendea Katekista Wilibrodi, mtu ambaye hajaumwa kichwa tangu abatizwe. Jumapili alicheka katikati ya tangazo la msiba, akaomba radhi, akacheka tena. Kwaya nayo ilirudia kiitikio kimoja mpaka waumini wakaenda zao kula. Dawa inapotea bure, na mimi nimelala gizani na kitambaa machoni. Inauma sana!

3. Serikali imeruhusu soko huria. Mitumba ruksa, sukari ruksa, hata mashine yangu ruksa. Moshi peke yake ndio bado wa serikali, na haugawiwi kwa haki.

4. Bidii yenu imezidi. Wakulima wa bondeni mmewatisha hadi wameng'oa bangi na kupanda maharage. Mimi maharage yatanisaidia nini? Naomba mfumbe macho msimu mmoja tu, wapande, ikomae vizuri, ndipo muwakamate kwa mujibu wa sheria na kuichomea kwenye shimo la zamani. Sheria itakuwa imefuatwa, nami nitakuwa nimepona.

Nikikosa jibu nitapanda hadi kwa Mkuu wa Wilaya, kichwa kikiniruhusu.

Wasalimie vijana wote wa kituo, hasa yule mwenye zamu ya kuwasha moto.

Ni mimi raia wako mtiifu, mwenye kichwa kibovu,
Adriano

Nyongeza: Nimemsomea mke wangu Fransiska barua hii, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema siku zenu za kuchoma, wateja wote hukimbilia kutazama moto, nami huzima mashine. Tena anasema kipandauso kilianza wiki ileile niliyoifunga mashine chini ya dirisha letu la kulala. Nikamwambia aache upuuzi. Jana mkanda ukakatika, mashine ikanyamaza kutwa nzima. Moshi haukuwepo popote, na kichwa, afande, kilitulia kabisa! Nilikula ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando, nikaimba. Leo nimefunga mkanda mpya, maana magunia ya watu yamejaa barazani, na jicho la kushoto limeshaanza kunicheza. Basi barua hii ichome tu. Ila tafadhali, uichomee kwenye shimo la zamani.